Siku Nilipokataa Maziwa ya Goreti

Yule binti mwenye gambuti mpya, ambaye jina lake sijalishika vizuri, ndiye aliyenitia katika kazi hii ya kuandika. Mwenyekiti wa sasa alikuwa ameniita kituoni nizungumze nanyi, wapimaji wapya wa maziwa. Nikawaonyesha namna ya kunusa keni za maziwa na namna ya kuosha vichupa, na nilipofikiri tumemaliza, binti akanyoosha kidole.

"Mama, sasa kama miye nimekataa maziwa ya mutu, kisha Mwenyekiti anasema baipokee, nitafanya nini?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia nitamjibu kesho, nikarudi nyumbani, na kesho hiyo imekuwa wiki tatu.

Jibu fupi ni hili. Andika daftarini kwamba ulikataa, na sababu yake. Jaza kichupa kimoja cha maziwa yale, ukiweke kwenye baridi. Kisha funga mdomo uendelee na keni inayofuata. Kila mpimaji atakuambia hivyo, na ungeweza kuacha kusoma hapa.

Jibu refu linaanza na jambo ambalo watu wa rika langu hawapendi kulikiri, hasa sisi tunaoimba kwaya. Mimi ni mtu wa wivu. Sikusema nilikuwa. Ni mtu wa wivu hata leo, na siku ile tulipokutana nilizitazama gambuti zako, binti, kwa sababu mimi nilipima maziwa miaka mingi nikiwa na kandambili, na matope ya hapa mnayajua.

Kazi nilifundishwa Bwizibwera, na mzee mmoja Mnyankole aliyeitwa Yowasi. Nilikuwa nimetoka milima ya Kivu ya Kusini na watoto wawili na sufuria moja. Baba yangu alikuwa na ng'ombe ambao hatukuthubutu kuwahesabu, maana kwetu kuhesabu ng'ombe wa mtu ni kumtafutia mkosi. Mimi sikubaki na ndama hata mmoja. Waliponiambia kuna kazi ya maziwa nilikubali kabla hawajamaliza sentensi, nikidhani nitakuwa karibu na ng'ombe. Nikajikuta karibu na keni.

Mzee Yowasi alikuwa mfupi, mwenye pua pana aliyoitunza vizuri kuliko wengine wanavyotunza saa. Alinikataza kula kitunguu asubuhi. Alinikataza mafuta ya kunukia, hata Jumapili, kwa kuwa harufu inalala kwenye nguo. Fungua kifuniko kidogo, pua iingie kabla ya hewa, alisema. Ukifungua kote umechelewa. Ukishanusa, chukua maziwa kidogo na spiriti kiasi kilekile, tikisa kichupa, kitazame kwenye mwanga. Yakiganda vipande vipande ni mabaya: yamechacha, au ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele, au amezaa juzi na mwenyewe amechanganya dang'a kwa haraka ya kuuza. Mwisho unakuja ule mzani wa kioo unaoelea, ambao unawaumbua wanaoongeza maji. Maziwa mazito yanauinua. Yenye maji yanauacha uzame.

Wiki yangu ya kwanza alikuja bibi mmoja na keni yake. Zizi lake lilikuwa nyuma tu ya kituo. Nikatia mzani, ukazama. Nikatangaza kwa sauti, nikiwa mgeni mwenye kiherehere: "Ina maji!" Bibi yule alikaa chini palepale kwenye saruji, miguu ameinyoosha, mtandio kaushusha machoni.

Mzee Yowasi alikuja, akagusa keni kwa nje kwa kiganja.

"Hii bado na moto ya ng'ombe," alisema. "Maziwa moto ni mwongo, nyabo. Na povu pia mwongo. Wewe ngoja. Ikipoa, nasema ukweli."

Tukangoja. Yalipopoa na povu likashuka, mzani ukapanda mpaka ishirini na nane, maziwa safi kabisa. Mzee akanibebesha keni ile mpaka kwenye tangi mbele ya watu wote, kisha akanirudisha kwa bibi nimwinue kwa mikono miwili na kumwambia kwa sauti ileile niliyomshtakia kwamba maziwa yake ni safi. "Ulisema kwa nguvu," akaniambia, "osha pia kwa nguvu." Shikeni hilo, maana mimi nililijua mapema, na kulijua hakukunisaidia.

Sasa nije hapa kwetu. Kituo mnakifahamu, pale pembezoni mwa kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye barabara ya Kaberebere. Mnakuta tangi la kupozea, mnakuta bomba la maji, mnadhani vimeota. Nilikuwa mpimaji wa kwanza pale. Mwenyekiti wakati huo alikuwa Tumwine, mtu mrefu wa hapahapa Isingiro, mwenye kikombe cha chai kisichoisha. Maziwa hakuyajua sana. Alikuwa amefuga mbuzi.

Mara ya kwanza kunipinga, nilikuwa na haki mimi. Mjumbe mmoja wa kamati alileta keni mbili, na kwenye spiriti zikaganda vibaya. Nikakataa. Mjumbe akaingia ofisini, wakazungumza, Tumwine akatoka.

"Mama Debora, pokea. Huyu ni mtu mkubwa."

"Maziwa haijue ukubwa wa mutu, Mwenyekiti."

"Pokea. Mimi nasema."

Nikapokea. Lori lilipofika Mbarara kule kiwandani walipima tangi zima, wakalirudisha lote. Yalimwagwa kwenye shimo nyuma ya kituo, maziwa ya watu wote, mabaya ya mmoja na mazuri ya wengine. Wafugaji wetu waligeuza nyuso zao upande wa Ziwa Nakivale wasione. Kwetu mtu haruki maziwa hata tone likimwagika njiani, na hapo yalikuwa yakitiririka hadi kwenye majani. Mzee Semahoro, mfugaji wa kwetu aliyekuwa akija kwangu kila asubuhi, alivua kofia yake akaishika kifuani mpaka yote yakaisha.

Tumwine aliona. Kesho yake alileta rangi nyekundu na brashi, akaandika mwenyewe ukutani, kwa herufi zisizolingana: MPIMAJI AKIKATAA, IMEKATALIWA. Akaniita nisome mbele ya wafugaji. Nilisoma. Tangu siku ile nilikuwa nausoma ukuta ule kila asubuhi kabla ya kuvaa koti, na niseme ukweli, siku nyingine niliusoma kwa raha kuliko Zaburi.

Ndipo akaja Goreti.

Nyinyi mnamjua kama mkuu wa wapimaji. Mimi nililetewa msichana wa Kirundi mwembamba, rozari shingoni, mume wake na wazazi wake wakulima wa maharage, asiyewahi kukamua hata mbuzi. Nikamfundisha. Nilimfundisha vizuri, hilo hakuna atakayenipokonya. Nilimpa yote ya Mzee Yowasi: kitunguu, mafuta, kiganja kwenye keni. Nilimwambia, "Maziwa moto ni mwongo, tungoje ipoe," akairudia kama mtoto wa katekisimu.

Kosa lake lilikuwa pua. Mimi pua yangu niliifunza kwa miaka. Yeye alizaliwa nayo. Asubuhi moja alifungua keni ya Mzee Semahoro, akasita.

"Mama, hapa kuna ng'ombe mmoja anaumwa chuchu. Bado kidogo, lakini anaumwa."

Mimi nilikuwa nimeshainusa keni ile nikaipitisha. Tukatia spiriti, haikuganda. Nikamwambia aache kuota. Mzee Semahoro lakini akaenda kuwatazama ng'ombe wake mmoja mmoja, na jioni yake akampata mmoja ambaye kiwele kimeanza kuwa kigumu upande mmoja. Daktari wa mifugo aliitwa mapema, ng'ombe akapona na wengine hawakuambukizwa.

"Huyu mutoto iko na pua!" Semahoro alikuwa akiwaambia watu wote mstarini. "Ameokoa bangombe bangu! Mama Debora, umefundisha muzuri."

Umefundisha vizuri. Kuanzia hapo alipanga mstari wa Goreti. Nilimwona kila asubuhi akinipita na keni yake, akinisalimia kwa heshima zote, na kwenda kusimama kwake. Bora angenitukana.

Kisha likaja suala la mafunzo. Kiwanda cha Mbarara kilitaka mtu mmoja kutoka kila kituo, wiki nzima, kwenye maabara. Kamati ilinichagua mimi. Nilipiga pasi gauni, nikafunga mfuko, nikasimama barabarani alfajiri na mapema. Tumwine akaja kwa bodaboda akanikuta pale.

"Mama Debora, pole. Mafunzo ni Kizungu kabisa. Goreti nasoma shule ya hapa, nasikia Kizungu. Wewe hapana. Nimebadilisha."

"Kamati ilisema miye."

"Nimebadilisha," akarudia, na akaupokea mfuko wangu anirudishie nyumbani, kwa wema. Wema wa namna ile unauma.

Goreti alirudi na koti jeupe jipya na cheti chenye mhuri. Kikatundikwa ukutani chini ya yale maandishi mekundu, maandishi yangu. Mimi kila asubuhi nikawa natundika koti langu la nje kwenye msumari wa cheti, kukifunika. Nilijidanganya kwamba hakuna msumari mwingine. Siku ya nne nikakuta Goreti amepigilia msumari mkubwa zaidi palepale juu ya cheti chake, ili koti langu lisianguke. Nilimchukia wiki mbili kwa ajili ya ule msumari.

Kilichonimaliza ni ng'ombe. Mzee Semahoro, mtu wa kwetu, wa kanisa letu, aliyekula chakula changu, alimpa Goreti na mumewe mtamba. Kumshukuru kwa pua. Kwetu kumpa mtu ng'ombe ni kumfanya ndugu mpaka wajukuu. Mrundi wa maharage akawa na ng'ombe, na mimi binti wa zizi nikawa na vichupa vya kuosha. Niliimba kwenye sherehe yao. Niliimba kwa sauti kuliko wote ili watu wasinione uso.

Mtamba akazaa. Goreti akangoja dang'a iishe, siku zote zinazotakiwa na mbili zaidi, kisha asubuhi moja mumewe akavuka barabara na keni yao ya kwanza. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo tu ya kituo, hatua chache. Sheria yetu ilikuwa mtu asipime maziwa ya nyumbani kwake, kwa hiyo keni ikaja kwangu. Mstari mzima ulikuwa ukitazama. Semahoro alisimama kando na kofia yake, anatabasamu kama baba wa bwana harusi.

Nilifungua kifuniko. Mvuke ulinipiga usoni, povu limejaa mpaka shingoni mwa keni. Harufu ilikuwa safi. Spiriti haikuganda. Kiganja changu kiligusa keni kikasikia joto la kiwele. Nataka mjue hilo, vijana. Kiganja kilisikia. Nikachota, nikatia mzani papo hapo, ukazama mpaka ishirini na nne.

Goreti alikuwa nyuma yangu. Alisema taratibu, wengine wasisikie:

"Mama, si tungoje ipoe kwanza?"

"Nani mupimaji hapa?" nikamjibu kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa mstari. "Ni weye ao ni miye?" Na kidole nikakielekeza ukutani.

Nilichukua chaki, nikaandika jina la mumewe kwenye ubao wa waliokataliwa, na mbele yake: MAJI. Mnajua maana yake. Mwenye jina hilo haleti maziwa mwezi mzima, na akiwa ni mtu wa nyumbani kwa mfanyakazi, mfanyakazi anaacha kazi. Semahoro alivua kofia akaishika kifuani, kama siku ya lile shimo. Mume wa Goreti alitazama keni yake, akamtazama mkewe, akauliza kwa Kirundi swali ambalo hata mimi nililielewa. Goreti alitikisa kichwa, akaanza kulifungua vifungo koti lake jeupe.

Tumwine akatoka na kikombe chake. Sijui alikuwa amesimama mlangoni tangu lini. Akasoma ubao.

"Mama Debora, hii maziwa naingia kwa tangi."

"Nimeikataa, Mwenyekiti."

"Nimesikia. Naingia."

"Na ule ukuta? Si weye uliandika?"

"Ndiyo, ni mimi niliandika," alisema. "Na leo ni mimi nasema naingia. Goreti, vaa koti. Kazi."

Akachukua kitambaa chenye maji akafuta jina kwa mkono wake mwenyewe. Maziwa yakamiminwa. Sikuwahi kuona hasira kama niliyokuwa nayo. Mtu aliyenipa neno la mwisho alikuwa amelichukua mbele ya watu wote, kwa ajili ya Goreti. Kwa mafunzo yeye, kwa ng'ombe yeye, na sasa hata kwa maji ni yeye. Sikuwaza tena kama maziwa yalikuwa na maji ama hayana. Niliwaza tu nani anapendwa.

Lakini kichupa nilikuwa nimejaza. Hapo kazi ilinisaidia kuliko akili. Nilikificha kwenye baridi mpaka zamu ikaisha, nikakifunga kwa kitambaa chenye barafu, nikasema naenda hospitali, nikashika njia ya Kaberebere hadi Mbarara. Nilitaka karatasi yenye mhuri. Nilishaipanga mpaka mahali pa kuigongomea: palepale kwenye ule msumari mkubwa.

Kule maabara nilimkuta mwanamke wa makamo mwenye miwani. Nikamwambia nina maziwa ya Nakivale yenye maji, ayathibitishe. Aliyapasha kidogo na kuyapoza hadi kiwango chao, akatia mzani, akainama kusoma. Akarudia. Akaweka sampuli kwenye mashine yao ya kugundua maji, tukangoja. Sakafu ile ilikuwa inang'aa, nikafikiri, hapa ndipo Goreti alikaa wiki nzima.

"Mama," akasema, "hii maziwa ni safi kabisa. Nani alisema iko na maji?"

Kinywa changu kilijibu kabla yangu.

"Kuna mutu kazini kwetu."

"Huyo mtu ni mgeni kazini? Labda alipima ikiwa bado moto."

"Ndiyo," nikasema. "Bado mugeni."

Akanionea huruma. Akanieleza, pole pole, kwa Kiswahili chake cha hapa, kwamba maziwa ya moto yanadanganya mzani na mtu lazima angoje. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikamshukuru. Karatasi hakuniandikia na mimi sikuomba. Mbele ya soko la Mbarara nilinunua mkate, nikaula wote nimesimama.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo lilipo jibu la yule binti. Ningeweza kurudi na kusema. Sikusema. Nilijiambia, kwani kuna hasara gani? Maziwa yaliingia, jina lilifutwa, kazi hakupoteza. Mwenyekiti ameshatengua, mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Mkubwa akitengua neno lako anaweza kuyapitisha maziwa, lakini kuyatakasa hawezi. Mstarini watu hawakusema maziwa ya Goreti ni safi. Walisema yaliingizwa na Mwenyekiti. Wengine walisema mabaya zaidi, kuhusu sababu ya Mwenyekiti kumpenda, na mimi niliyesikia nilijifanya naosha vichupa. Mumewe hakuvuka tena barabara na keni. Maziwa ya ng'ombe yule wakawa wanayauza kwa vikombe kwa majirani, miaka yote ya uzao wake. Goreti alipima maziwa ya kambi nzima, na ya kwake hayakupimwa tena. Neno moja tu lingeosha, na mwenye neno hilo alikuwa mimi. Nililiweka miaka.

Siku Tumwine alipokabidhi uenyekiti, tulikunywa soda, nikajikaza nikamuuliza kwa nini siku ile alinitengua, yeye asiyejua maziwa.

"Mimi sijui maziwa, kweli," akasema. "Mimi najua wewe. Kila siku nakuangalia pale kwa mlango. Keni ikiwa moto, wewe nangoja. Hata mtu akipiga kelele, wewe nangoja. Ile siku hukungoja."

Akanywa soda yake. Nilitamani angesema alimpendelea. Hilo ningeweza kulichukia kwa amani.

Nilistaafu, Goreti akashika nafasi yangu, na nilionea wivu hata funguo. Kisha mwaka huu binti yangu Debora, aliyeolewa Mbarara, akaninunulia ng'ombe. Wangu. Nikamfungia nyuma ya nyumba yangu hapo karibu na kituo, na mwezi uliopita nikakamua, nikabeba keni yangu ya kwanza nikiwa na haraka ya kwaya, na nikiwa na haraka zaidi ya kuonekana.

Goreti aligusa keni kwa kiganja. Alifungua kidogo, akanusa. Akatia spiriti. Kisha akachota maziwa akayatia kwenye kile kioo kirefu cha kupimia, akakiweka mezani, na mzani akauacha kwenye kisanduku chake.

"Mama, tungoje ipoe kwanza."

Mwenyekiti wa sasa, huyu kijana wenu, alikuwa anapita. "Ah, Goreti! Huyu ni mama yetu, alianza kituo. Mimina tu."

"Hapana, Mwenyekiti," Goreti akasema. "Tutangoja."

Mstari ulikuwa mrefu na jua limepanda. Watu wakaanza kunung'unika, na nyuma huko sauti moja ya mwanamke, ya kwetu kabisa, ikasema: "Anajifanya mukali! Na yake siku ile si iliingizwa na Mwenyekiti?"

Miaka yote ile, na bado lilikuwa hai. Goreti hakugeuka. Alikuwa anatazama povu langu linavyoshuka.

Nikageuka mimi. Nilisema kwa sauti ya kwaya, ile ya kufika nyuma.

"Ile maziwa ya Goreti ilikuwa safi! Munisikie bote. Haikukuwa na maji hata tone. Miye niliipima ya moto, na nilijua ni ya moto. Niliipeleka Mbarara, baliipima, ni safi. Nilinyamaza. Ni wivu. Mwenyekiti hakumusaidia mutu. Mubaya ilikuwa miye."

Nyuma mtu alitua keni chini. Mzee Semahoro, ambaye sasa anatembea na fimbo, alikuwa ameketi kwenye benchi la saruji, na alinitazama kwa muda mrefu bila kusema kwamba nimefundisha vizuri.

Nikamgeukia Goreti. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, ya kikanisa, marefu.

"Najua, Mama," akasema. "Yule wa maabara, aliyenifundisha wiki ile, alinipigia simu siku ileile. Aliuliza huyo mupimaji mugeni wetu ni nani, nimufundishe kungoja."

"Na ulimujibu nini?"

"Nilisema nitamufundisha."

Binti wa gambuti, ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Nilikuwa natafuta namna ya kukueleza nilivyomwonea wivu tena pale pale, kuliko siku ya cheti na kuliko siku ya ng'ombe. Miaka yote alikuwa na neno la kunimaliza, na kila asubuhi alinisalimia, akanipikia chai, akaliacha koti langu likae juu ya cheti chake.

Aliutia mzani kwenye kile kioo kirefu. Ulizama kidogo, ukapanda, ukatulia. Aliinama kusoma, akachukua muda wake, kisha akasimama wima akatazama mstari mzima.

"Ishirini na nane!" akaita kwa nguvu. "Ya Mama Debora ni safi!"

Nikabeba keni yangu mpaka kwenye tangi, nikamimina.